Kitazame Aprili, Kichimbe Juni: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Kiwanja Kabla ya Ujenzi

Kiwanja ulichokiona Septemba hukitambui ukirudi Aprili. Septemba ardhi ya Dar es Salaam imekauka, nyasi zimelala, gari dogo linafika hadi kwenye bikoni, yaani alama za mpaka wa kiwanja, na dalali anakuzungusha akiwa amevaa viatu vya ngozi. Aprili masika imekolea. Niliwahi kusimama na familia moja kwenye kiwanja walichonunua kiangazi. Ramani ya nyumba walikuwa nayo mkononi, mawe ya msingi yalikuwa yameshashushwa, na maji yalitufika magotini. Yule mama alinionyesha mahali pa jiko, nami nikaona nyasi zikielea pale pale alipokuwa ananyooshea kidole.

Tangu siku ile, mtu akiniambia anataka kuanza kujenga, namuuliza kwanza kama amekiona kiwanja chake mvua ikinyesha. Mwongozo huu nimemwandikia anayejenga nyumba ya kuishi isiyo ya ghorofa, na mifano yangu mingi ni ya Dar es Salaam na Mkoa wa Pwani, ninakofanyia kazi. Aliye Dodoma, Mwanza au Mombasa atabadilisha miezi na majina ya ofisi, na aliye nje ya Tanzania atabadilisha sheria pia, lakini mpangilio wa kazi utabaki huu huu.

Hatua ya 1: Hakikisha ardhi ni yako na inaruhusiwa kujengwa

Usilete hata tripu moja ya mchanga kabla hujafanya upekuzi rasmi wa hati kwa msajili wa hati. Upekuzi utakuonyesha jina la mmiliki, kama ardhi imewekwa rehani benki, na kama kuna zuio lolote. Kwa kiwanja kisicho na hati, nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri uoneshwe kama eneo limepimwa na limepangiwa matumizi gani. Kiwanja kinaweza kuwa cha muuzaji kweli kabisa na bado kikawa kimepangwa kuwa shule, barabara au eneo la wazi. Barua ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa inasaidia kuthibitisha kwamba mliuziana, lakini haiwezi kukwambia ramani ya mipango miji inasema nini.

Kama muuzaji ana mke au mume, naye aridhie kwa maandishi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na kesi za namna hii huibuka nyumba ikiwa imeshafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha.

Kuna hifadhi mbili ambazo watu wengi hujenga ndani yake bila kujua. Ya kwanza ni ya barabara: tangu Sheria ya Barabara ya 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Ya pili ni ya maji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ukingo wa mto au ziwa. Chukua futi kamba ya mita 50 na msaidizi mmoja, upime mwenyewe. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, na inakuepusha na ile alama nyekundu ya X ya kubomolewa, ambayo hakuna rangi inayoweza kuifuta.

Hatua ya 2: Zitafute bikoni kwa macho yako

Mwite mpimaji aliyesajiliwa aje na ramani ya upimaji, akuonyeshe kila bikoni na namba yake. Usiridhike na kauli ya "mpaka unaishia kwenye ule mnazi." Bikoni hung'olewa, hufukiwa, na nyingine husogezwa usiku. Zikishapatikana, zizungushie zege dogo au vigingi vilivyopakwa rangi ili katapila na malori yasizivunje.

Siku hiyo waalike majirani wote mnaopakana, na mjumbe awepo. Tembeeni pamoja mpaka kwa mpaka. Jirani aliyeshuhudia kipimo ni vigumu baadaye kuja na hoja ya nusu mita. Ukiwa hapo hapo, piga picha kuta na uzio wa jirani, hasa penye nyufa, na umwonyeshe. Malori yatapita, ardhi itashindiliwa, na ufa uliokuwepo tangu zamani unaweza kudaiwa kuwa wako.

Hatua ya 3: Jua maji yanapita wapi

Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana nyumba nyingi nilizoona zikiharibika ziliharibiwa na maji, na maji hayo yalikuwepo kabla ya nyumba.

Anza kwa kuuliza. Mtafute mzee aliyekaa mtaa huo miaka 30, umsalimie vizuri, ukae naye kwenye benchi, umwulize maji yalifika wapi wakati wa mvua za El Niño za 1997/98, na tena Desemba 2011. Mafuriko ya 2011 yaliua watu na kuwaondoa wengi Bonde la Msimbazi, na serikali ikawapeleka baadhi yao viwanja vya Mabwepande. Wazee hawasahau. Watakuonyesha mstari ukutani, watakutajia nyumba iliyobomoka, watakwambia kwamba barabara mnayoitumia leo ilikuwa mkondo. Maelezo hayo huyapati kwenye hati.

Halafu tazama mwenyewe. Mstari wa takataka na nyasi kavu zilizokwama kwenye michongoma huonyesha kimo cha maji yaliyopita. Matete na mafunjo huota penye unyevu wa mwaka mzima. Ukuta wa jirani wenye alama ya unyevu na plasta inayobanduka sentimita 50 kutoka chini unakuambia yatakayoukuta ukuta wako. Rudi siku ya mvua kubwa, uvae mabuti na ushike mwavuli, usimame kiwanjani saa nzima. Chora kwenye karatasi maji yanakoingilia, yanakotuama na yanakotokea.

Mchoro huo ndio utakaokuongoza kuchimba mtaro wa muda upande wa juu wa mteremko, uyakinge maji kabla hayajaingia kiwanjani na kuyapeleka kwenye mfereji wa barabara. Usiyaelekeze kwa jirani. Kufanya hivyo ni dhuluma, na ugomvi wa maji hurithiwa na watoto.

Kuna jambo moja zaidi la Dar es Salaam: barabara za mitaa hupanda. Leo ni ya vumbi, kesho inawekewa kifusi, keshokutwa inatiwa lami, na nyumba iliyokuwa sawa na barabara inageuka bwawa. Mimi hupendelea sakafu ya ndani iwe juu ya katikati ya barabara kwa sentimita 60, na isipungue 45. Amua kimo hicho sasa, kwa sababu ndicho kitakachoamua kiasi cha mawe, tofali za msingi na kifusi.

Hatua ya 4: Chimba mashimo ya majaribio

Udongo wa juu hauelezi habari ya udongo wa chini. Chimba mashimo matatu au manne, kwenye baadhi ya kona za nyumba inapotarajiwa kukaa na moja katikati, kila moja mita 1.5 hadi 2 kwenda chini. Shimo la kina hicho likiwa kwenye mchanga linaweza kumfukia mchimbaji, kwa hiyo lipanuliwe mdomo, na mchimbaji asiwe peke yake.

Angalia tabaka zinavyobadilika. Kigamboni na Mbagala utakutana na mchanga mwingi, ambao hubeba nyumba vizuri ukishikwa kingo zake lakini huhamishwa kirahisi na maji yanayotiririka. Mabondeni utakutana na udongo wa mfinyanzi, na ule mweusi unaoitwa wa mbuga ndio wa kuogopwa zaidi. Mvua ikinyesha unavimba na kuinua msingi, kiangazi unasinyaa na kuuachia. Kuta hupasuka kwa mshazari kuanzia kona za madirisha, na kila ukiziba ufa unarudi.

Kipimo cha nyumbani ni hiki. Chukua udongo wa kina cha mita moja, ujaze theluthi ya chupa ya plastiki inayoona ndani, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa sana, kisha iweke mezani. Mchanga hutua ndani ya dakika moja hivi, udongo laini hufuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi huchukua siku nzima au zaidi. Tabaka la mfinyanzi likiwa nene, au ukiona kiangazi ardhi ya kiwanja ina nyufa zinazoingiza vidole, simama. Mwite mhandisi apeleke sampuli maabara na akuandikie msingi unaofaa. Gharama yake ni ndogo kuliko ya kubomoa ukuta mmoja.

Mashimo hayo yaache wazi siku mbili tatu, yakiwa yamezungushiwa kamba na matawi ili mtoto asitumbukie. Maji yakijitokeza chini, pima yako kina gani. Kipimo hicho kinahusu pia shimo la maji taka: likichimbwa penye maji ya karibu litajaa kila masika, na kama una kisima, liwe mbali nacho angalau mita 30, upande wa chini wa mteremko.

Hatua ya 5: Kibali cha ujenzi

Michoro ya msanifu na ya mhandisi hupelekwa halmashauri pamoja na nakala ya hati na mchoro wa kiwanja unaoonyesha nyumba ilivyokaa. Umbali wa kuacha kutoka mpakani hutofautiana, kwa hiyo uulize pale pale kabla msanifu hajamaliza. Mtangulize mhandisi wako na majibu ya udongo, ili msingi uchorwe kwa ardhi uliyo nayo. Ramani ya kununua iliyochorwa kwa kiwanja cha mtu mwingine haijui kama chako kina mfinyanzi. Kibali kikitoka, weka bango la saiti lenye namba ya kiwanja, namba ya kibali na majina ya wataalamu. Ukimtumia mkandarasi, thibitisha usajili wake kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi.

Hatua ya 6: Safisha, ng'oa, fukua

Usifyeke kiwanja kizima siku ya kwanza. Weka alama kwenye miti unayotaka ibaki, kwa kitambaa chekundu, na umwambie dereva wa katapila kwa mdomo wako. Mwembe uliochukua miaka 20 kukua hukatwa kwa dakika kumi, na kivuli chake ndicho ambacho vibarua watakililia mchana wa Januari. Ila mti mkubwa ulio karibu kabisa na msingi uondoke, hasa penye mfinyanzi, kwa sababu mizizi hunyonya maji ya udongo upande mmoja wa nyumba na kuacha upande wa pili.

Visiki ving'olewe na mizizi yake. Kisiki kilichofunikwa huoza, hutengeneza pango na huwaita mchwa. Ukishang'oa, jaza shimo kwa kifusi kizuri, tabaka za sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji kidogo na kushindiliwa.

Kichuguu nacho kina utaratibu wake. Kukisawazisha juu tu ni kujidanganya, kwa kuwa mji wenyewe wa mchwa uko chini. Chimba hadi umpate malkia, ufuate na mapango yake, tia dawa ya mchwa iliyosajiliwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chombo, kisha ujaze na kushindilia. Baadaye, mitaro ya msingi ikishachimbwa, utanyunyizia dawa tena kabla ya zege, siku isiyo na dalili ya mvua na mbali na kisima.

Ondoa udongo wa juu, ule mweusi wenye mizizi na majani, sentimita 15 hadi 30. Usiutupe wala usiuuze. Ulimbike kwenye kona ya nyuma, utakuja kuurudisha kwa bustani na michungwa. Usiutumie kabisa kujazia ndani ya msingi, kwa sababu huoza na sakafu hutitia.

Viwanja vilivyowahi kuishi watu huficha mashimo ya choo na visima vya zamani. Waulize majirani, na ukiona mahali ardhi imebonyea kwa mviringo, pachome kwa nondo. Likipatikana shimo, lisafishwe mpaka ardhi ngumu, lijazwe mawe na kushindiliwa, na mhandisi aambiwe. Yakipatikana makaburi, simamisha kazi na uende halmashauri. Kuhamisha kaburi kuna sheria yake, na ndugu wa marehemu pamoja na viongozi wa dini ni lazima washirikishwe. Nimeona familia mbili zikifanya jambo hili kwa upole na likaisha kwa dua ya pamoja.

Hatua ya 7: Sawazisha kwa akili, hasa penye mteremko

Ukiwa Goba au kwenye vilima vya Pwani, kishawishi ni kukata upande wa juu na kumwaga udongo upande wa chini, kisha nyumba ikae katikati. Matokeo yake nusu ya msingi inakalia ardhi ya asili na nusu inakalia udongo uliomwagwa juzi. Upande wa pili utatitia, na nyumba itapasuka pale pale vinapokutana. Ama nyumba yote ikae kwenye ardhi iliyokatwa, ama mitaro ya msingi ishuke kwa ngazi hadi ikute ardhi ya asili pande zote. Ukuta wa kuzuia udongo, kama unahitajika, ujengwe kabla ya nyumba, na uachiwe matundu ya kutolea maji.

Usawa wa kiwanja upime kwa mpira wa levo, yaani bomba jembamba la plastiki linaloonyesha ndani, lenye maji yasiyo na mapovu. Chagua alama moja isiyohama, kama nguzo ya zege au ukuta imara, uchore mstari, na vimo vyote vya nyumba vitoke kwenye mstari huo hadi siku ya kupaua.

Hatua ya 8: Saiti iwe na njia, maji, stoo na choo

Njia iandaliwe kwanza. Pita kwa miguu kutoka barabara kuu ukitazama waya wa umeme ulioning'inia, kalavati dhaifu na kona ambayo Fuso haiwezi kukata. Kama lori litashindwa, utalipa watu wa kubeba mawe kichwani.

Maji ya kujengea yapatikane kabla ya saruji. Omba kuunganishwa mapema, na wakati unasubiri weka tangi na uagize boza. Pwani visima vingi vina chumvi. Ukiyaonja maji yake na kuisikia chumvi, usiyatumie kwenye zege lenye nondo, maana chumvi huzila. Mchanga wa bahari nao uukatae hata ukipewa bure.

Stoo ya mabati inatosha, mradi haivuji na sakafu yake imeinuliwa. Saruji ipangwe juu ya mbao, sentimita 15 au zaidi kutoka chini, isiguse ukuta, isizidi mifuko 10 kwenda juu, na iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Nunua ya kutumia wiki chache, usiirundike kwa miezi mitatu.

Choo cha vibarua kichimbwe siku ya kwanza. Watu hao watakufanyia kazi tangu alfajiri, na wanastahili mahali pa kujisitiri, maji safi ya kunywa na kivuli cha kulia chakula cha mamantilie. Weka sanduku la huduma ya kwanza, mabuti, glovu na kofia ngumu. Mlinzi apatikane kabla ya nondo, na awe na daftari linaloandikwa kila kinachoingia: tarehe, namba ya lori, kiasi. Mchanga na kokoto vimwagwe mahali palipopangwa, upande wa juu ambako maji hayapiti, mbali na mstari wa msingi. Lundo la kokoto likikaa panapotakiwa kuwa sebule, utalipia kulihamisha.

Hatua ya 9: Kuseti msingi

Kuseti ni kuhamisha mistari ya ramani kwenda ardhini kwa kamba. Hii ni kazi ya Juni, masika ikiwa imeisha na vuli ya Oktoba ikiwa bado mbali, ili msingi ukamilike na kufukiwa kwenye ardhi kavu.

Mbao za profaili, yaani zile za kufungia kamba, zisimamishwe nje ya kona za nyumba, mita moja na nusu hadi mbili kutoka kwenye mtaro, zisije zikaanguka uchimbaji ukianza. Zote ziwe kwenye levo moja, na misumari ionyeshe upana wa mtaro na unene wa ukuta. Anza na ukuta wa mbele, upime kutoka kwenye bikoni. Usipime kutoka kwenye uzio wa jirani.

Kona ya mraba hupatikana kwa 3, 4, 5: pima mita 3 kwenye kamba moja, mita 4 kwenye nyingine, na umbali kati ya alama hizo uwe mita 5 kamili. Kisha pima nyumba nzima kona kwa kona. Nyumba ya mita 12 kwa 10 itatoa mita 15.62 pande zote mbili. Zikitofautiana kwa sentimita mbili, usimruhusu fundi kusema "tutarekebisha kwenye tofali." Legeza kamba, rudia.

Kamba zikishakaa sawa, mwagia chokaa au majivu kufuata mistari, ingia ndani, utembee. Simama mahali pa mlango, pita kwenye korido, tanua mikono chumbani. Mlete mwenzako na watoto watembee pia. Chumba kilichochorwa kwenye karatasi huonekana kidogo ardhini, hilo ni kawaida, lakini kama choo kimetazamana na meza ya chakula au jua la magharibi linaingia chumba cha kulala, leo bado ni suala la kuhamisha kamba na kurudisha mchoro kwa msanifu. Kisha acha kamba zilale usiku mmoja. Asubuhi, kabla jembe halijashuka, pima tena kona kwa kona, maana ng'ombe hupita, watoto hucheza, na kigingi kimoja kikisogea mtaro wote unafuata.